Kufundisha magonjwa ya kuambukiza kwa michezo ya kompyuta: mwongozo kamili kwa mwalimu wa sayansi

Mwulize mwanafunzi wa darasa la saba kipindupindu huenezwaje, atakujibu bila kusita: kwa maji na chakula chenye kinyesi cha mgonjwa. Atapata alama zake. Sasa mwulize kwa nini mtaa wa juu wameugua wawili na mtaa wa bondeni wameugua arobaini, au kwa nini kisima kilichofungwa leo hakizuii wagonjwa wapya kufika zahanati kesho na keshokutwa. Hapo darasa hunyamaza. Tumewazoesha kuuona ugonjwa kama orodha ya kukariri: kisababishi, dalili, njia ya kuenea, kinga. Mlipuko wenyewe ni jambo linalotembea kati ya watu wengi kwa siku nyingi, na ubao hauna namna ya kulionyesha likitembea.

Mchezo wa kompyuta unaweza kulionyesha. Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenye wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, yaani darasa la sita hadi kidato cha pili kwa Tanzania, au Gredi ya 7 hadi ya 9 kwa Kenya, mwenye kompyuta chache na intaneti ya kubahatisha. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: mchezo ni jaribio la maabara. Mwanafunzi aandike utabiri wake kwanza, acheze, alinganishe alichotabiri na alichokiona, kisha aseme ni wapi mchezo umeachana na ugonjwa wenyewe. Ukiuacha mchezo uwe zawadi ya Ijumaa mchana, watoto watafurahi na hawatajifunza kitu.

Hatua ya 1: Chagua ugonjwa kabla ya kuchagua mchezo

Walimu wengi huanza kwa kutafuta mchezo mtandaoni, wakishaupata ndipo wanatafuta mada ya kuubandika. Anza upande wa pili. Magonjwa yanayomhusu mtoto wa Afrika Mashariki husafiri kwa njia chache: kwa hewa (surua, kifua kikuu, mafua), kwa maji na chakula (kipindupindu, homa ya matumbo), kwa mdudu (malaria, dengi), na kwa damu au majimaji ya mwili (VVU, Ebola, Marburg). Chagua mawili tu ya njia tofauti, uyafundishe kwa kuyalinganisha. Ukibeba saba kwa mpigo, mtoto atarudi kwenye kukariri.

Ninapendekeza surua na kipindupindu. Ziko mbali kabisa kwa tabia, na zote mbili watoto wamezisikia nyumbani. Kabla ya kuingia darasani, yaweke haya kichwani.

Surua husababishwa na virusi. Mgonjwa akikohoa chumbani, virusi hivyo vinaweza kubaki hewani hata saa mbili baada ya yeye kutoka. Mgonjwa mmoja akiingia kati ya watu wasio na kinga kabisa, anakadiriwa kuambukiza watu 12 hadi 18, na ni magonjwa machache mno yanayofikia hapo. Aliyeugua akapona haugui tena maisha yake yote. Chanjo yake hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18.

Kipindupindu husababishwa na bakteria, Vibrio cholerae. Dalili huanza kati ya saa chache na siku tano baada ya kumeza bakteria hao. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote, au huharisha kidogo tu, lakini kinyesi chao kinabeba bakteria kwa siku kadhaa. Mgonjwa anayeharisha sana hufa kwa kupoteza maji na chumvi, ndiyo maana wagonjwa walio wengi huokolewa kwa ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) peke yake wakiwahiwa.

Hatua ya 2: Pata mchezo unaofunguka kweli

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyuo vikuu na taasisi za afya za Marekani na Ulaya zilitengeneza michezo mingi ya sayansi kwa watoto wa umri huu. Chuo Kikuu cha Rice cha Houston, kwa mfano, kilikuwa na MedMyst, ambapo mwanafunzi anaingia kwenye hadithi na kuchunguza mlipuko. Tatizo ni kwamba michezo mingi ya enzi hizo iliendeshwa kwa programu ya Flash, na Adobe waliizima rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Utakuta ukurasa upo, picha zipo, na mchezo haufunguki. Kwa hiyo usiamini orodha yoyote ya michezo mpaka umeifungua mwenyewe, kwenye kompyuta ileile ya shule na kivinjari kilekile watakachotumia watoto. Ikifunguka kwenye simu yako nyumbani hiyo si dalili ya kutosha.

Zana mbili zinatosha kwa mpango huu, na zote ni bure.

Ya kwanza ni NetLogo, iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999 na kulelewa Chuo Kikuu cha Northwestern. Ndani yake kuna maktaba ya michezo ya kuiga mambo halisi, na upande wa biolojia kuna mmoja unaoitwa Virus. Unafunguka moja kwa moja kwenye kivinjari kwa toleo la NetLogo Web. Jambo lenye faida kubwa kwetu ni hili: juu ya ukurasa kuna sehemu ya Export, ukichagua HTML, mchezo mzima unahifadhiwa kama faili moja. Nakili faili hilo kwenye flashi, liweke kwenye kila kompyuta, na siku ya kipindi hutahitaji bando hata kidogo.

Ya pili ni Scratch, iliyotengenezwa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ambayo watoto huitumia kutengeneza michezo yao kwa kupanga vipande vya amri kama matofali. Ina programu ya kusakinisha isiyohitaji intaneti, na ukibonyeza alama ya dunia unaweza kuchagua Kiswahili.

Kama una intaneti ya uhakika, ongeza e-Bug ya Uingereza, yenye masomo na michezo juu ya vijidudu, unawaji mikono na matumizi sahihi ya antibiotiki. Iko kwa Kiingereza, kwa hiyo wa shule ya msingi watahitaji msaada wako.

Kuna michezo ya kuiacha. Ile ya kupiga vijidudu risasi humfundisha mtoto kasi ya vidole na kumwachia picha ya jitu lenye meno. Plague Inc., iliyotoka mwaka 2012, ina maarifa mengi ndani yake, ila mchezaji ndiye ugonjwa na lengo ni kuua dunia nzima; kwa darasa ambamo huenda yupo aliyezika mzazi kwa ugonjwa wa kuambukiza, mimi nisingeifungua. Mwaka 2020 waliongeza sehemu iitwayo The Cure ambamo mchezaji anapambana na mlipuko, na hiyo naiona inafaa kwa wanafunzi wakubwa.

Hatua ya 3: Panga watu na mashine

Watatu kwa kompyuta moja ndio mpangilio ninaoupenda. Mmoja anashika kipanya, wa pili anaandika kwenye daftari la kikundi, wa tatu anasema utabiri kwa sauti na kuutetea. Wabadilishane kila jaribio, la sivyo yule anayejua kompyuta ataishika hadi kengele. Shule nyingi haziruhusu simu za wanafunzi, na hapa hatuzihitaji.

Una kompyuta mpakato moja na projekta? Inatosha. Vikundi vyote vinaandika utabiri kwenye karatasi na kukuletea, unabandika ukutani, mwanafunzi mmoja anakuja kubonyeza, na darasa zima linatazama nani amekaribia. Umeme usiwe na uhakika nao: chaji betri usiku uliotangulia, na uwe na picha za grafu za kila jaribio ulizohifadhi mapema.

Omba vipindi viwili vilivyounganishwa. Dakika 40 pekee zinaishia kwenye kuwasha mashine na kugombania viti.

Hatua ya 4: Mlipuko wa karatasi, kabla ya skrini

Mtoto anapaswa kuwa ndani ya mlipuko kabla ya kuutazama kwenye skrini. Mpe kila mmoja karatasi iliyokunjwa. Karatasi moja tu iwe na nukta ndogo ndani, na asijue yeyote, hata mwenye nayo. Wasimame, watembee, na ukipiga makofi kila mmoja asalimiane na mwenzake aliye karibu na kuandika jina lake kwenye karatasi yake: raundi ya kwanza, jina la kwanza. Fanya raundi nne. Kisha wafungue.

Sasa waulize: kama nukta ile ni ugonjwa unaopita kila salamu, walioambukizwa ni wangapi? Hesabu ya haraka ni 1, 2, 4, 8, 16. Wafuatilie kwa majina na mara nyingi watapata pungufu ya 16, kwa sababu walioambukizwa walisalimiana wao kwa wao. Wakikuuliza hilo limetokeaje, usiwajibu upesi. Ndiyo sababu ya msingi kwa nini mlipuko hupungua kasi watu wenye kinga wanapoongezeka, na wamekaribia kuigundua wenyewe.

Halafu geuza kazi. Ficha nani alikuwa na nukta, wape majina ya walioambukizwa tu, na waambie wamtafute wa kwanza kwa kusoma karatasi. Hii ndiyo kazi ya kufuatilia waliotangamana na wagonjwa. Mlipuko wa Marburg mkoani Kagera ulipotangazwa Machi 2023, wagonjwa walikuwa 9 na sita kati yao walifariki, lakini waliotangamana nao na kufuatiliwa na wahudumu wa afya walizidi 200. Andika namba hizo ubaoni zikiwa pamoja, 9 na 200. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo.

Angalizo moja: usiseme kuwa nukta ni VVU. Salamu haiambukizi VVU, na hutaki mtoto atoke darasani akiogopa mkono wa mwenzake.

Hatua ya 5: Maabara ya NetLogo

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo tuende taratibu.

Ukifungua mchezo wa Virus utaona watu 150 wakizurura kwenye uwanja mweusi. Kumi wameugua na ni wekundu. Wazima ni wa kijani. Waliopona na kuwa na kinga ni wa kijivu. Kitufe cha setup kinapanga upya, cha go kinaanzisha na kusimamisha. Pembeni kuna vitelezi, yaani vitufe vya kusogeza ili kubadilisha namba. Maneno yake ni ya Kiingereza, basi andika ubaoni kwa chaki kubwa: number-people ni idadi ya watu, infectiousness ni uwezo wa kuambukiza, chance-recover ni uwezekano wa kupona, duration ni muda wa kuugua, kwa wiki. Uache ubaoni kipindi chote.

Kanuni za mchezo waelezwe, maana ni fupi. Mtu mwekundu akikanyaga kiraka kimoja (mraba mdogo wa uwanja) na wa kijani, anaweza kumwambukiza. Muda wa kuugua ukiisha, mgonjwa ama anapona na kuwa wa kijivu, ama anakufa na kutoweka. Kinga ya aliyepona inadumu wiki 52, kisha anarudi kuwa wa kijani.

Jaribio la kwanza: wasibadilishe kitu. Waendeshe, watazame grafu, waeleze kwa maneno yao mstari wa wagonjwa unapandaje na kwa nini unashuka. Usikubali jibu la "watu wamepona" peke yake. Wabane waseme nani amebaki wa kuambukizwa.

Jaribio la pili: washushe uwezo wa kuambukiza kutoka 65 hadi 20. Kabla ya kubonyeza go kila kikundi kiandike sentensi moja: "Tunadhani ... kwa sababu ..." Sehemu ya "kwa sababu" ndiyo utakayoisahihisha baadaye. Ugonjwa hapa kwa kawaida huzimika. Waulize ni nini katika maisha hushusha namba hiyo: kufungua madirisha, kuziba mdomo unapokohoa, kunawa mikono. Namba kwenye kitelezi sasa ina sura ya kitu wanachokijua.

Jaribio la tatu ni lile linalowashangaza wengi. Warudishe 65, wapandishe uwezekano wa kupona kutoka 75 hadi 95. Karibu kila kikundi kitatabiri kwamba walioambukizwa watapungua. Waache wajionee. Mgonjwa katika mchezo huu anaambukiza kwa muda uleule, apone asipone. Kupona kunaamua kama atabaki hai, hakumzuii kuambukiza siku zile alizougua. Mtoto akishaelewa tofauti kati ya kuokoa maisha na kukata maambukizi, ataelewa pia kwa nini katika mlipuko wa kipindupindu wahudumu wengine wanagawa ORS na wengine wanatia klorini kwenye maji, na kwa nini kazi moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Jaribio la nne: ugonjwa mkali. Kuambukiza 99, kupona 10, muda wa kuugua wiki 2. Darasa zima litatabiri maangamizi. Mara nyingi ugonjwa unaisha baada ya muda mfupi, kwa sababu wagonjwa wanakufa kabla ya kukutana na wengi. Hapo simama mbele na uwaambie ukweli: Ebola ni ugonjwa mkali, na kati ya 2014 na 2016 katika nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone iliambukiza zaidi ya watu 28,600 na kuua zaidi ya 11,300. Mbona haikuzimika kama kwenye skrini?

Wape dakika tano za kimya waandike. Mwanafunzi mmoja atasema kwamba kwenye mchezo aliyekufa anatoweka, na nyumbani aliyekufa anaoshwa na kuzikwa na watu wengi. Ndivyo ilivyokuwa: maziko ni miongoni mwa mambo yaliyoeneza Ebola, kwa kuwa mwili wa marehemu bado unaambukiza. Mwingine atasema mchezo hauna mama anayemhudumia mgonjwa, wala hospitali. Mtoto anayeweza kusema mchezo umeacha nini, huyo amevuka mstari niliokuwa nautaka tangu mwanzo.

Kila jaribio lirudiwe mara tatu, maana watu kwenye skrini hutembea kwa bahati nasibu na matokeo hayafanani. Vikundi viwili vikipata majibu tofauti kwa namba zilezile, usimtafute aliyekosea. Linganisheni marudio ya darasa zima.

Kwa darasa lenye kasi kuna jaribio la tano. Fungua sehemu ya Code chini ya mchezo, tafuta mstari wenye immunity-duration na namba 52, uibadilishe iwe 2600, kisha ubonyeze kitufe cha kuunda upya. Sasa kinga inadumu maisha yote, kama ilivyo kwa surua. Linganisheni grafu hii na ya kwanza. Kisha wasimulie habari ya Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki. Surua ilifika huko mwaka 1781, ikaisha, haikuonekana tena kwa miaka 65. Mwaka 1846 ikarudi, na katika wakazi karibu 7,800 waliugua zaidi ya 6,000. Daktari kijana wa Denmark, Peter Ludwig Panum, aliyetumwa kuchunguza, aliona kwamba wazee waliougua utotoni mwaka 1781 hakuna aliyeugua tena. Watoto huipenda habari hii, na nadhani ni kwa sababu ndani yake babu na bibi ndio wenye nguvu.

Mchezo wa Virus hauna chanjo. Usipite bila kuigusa. Ifanye kwa hesabu ubaoni. Chukua namba iliyo kati ya 12 na 18, tuseme 15. Mgonjwa mmoja wa surua angeambukiza 15 kama hakuna aliye na kinga. Kama watu 80 katika kila 100 wana kinga, anabakiwa na 3 wa kuwaambukiza, nao watatu kila mmoja wake watatu. Kama 95 katika kila 100 wana kinga, ni 15 mara 5 kwa 100, yaani 0.75: chini ya mmoja, na mlipuko unakosa pa kwenda. Darasa la sita wanaiweza hesabu hii, na ndiyo sababu wizara za afya hulenga asilimia 95.

Hatua ya 6: Watengeneze mchezo wao wa kipindupindu

Kwenye NetLogo walikuwa wanachunguza kanuni za mtu mwingine. Kwenye Scratch watatunga za kwao, na mtoto hawezi kuitunga kanuni ya ugonjwa asioujua.

Wape kisa cha London cha mwaka 1854. Mwishoni mwa Agosti kipindupindu kililipuka mtaa wa Soho, na mpaka kiishe walikufa watu 616. Wengi waliamini ugonjwa unatoka kwenye hewa mbaya. Daktari John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza maji yanachotwa wapi, na vifo vikaonekana kuzunguka pampu moja ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani walinusurika, kwani walikunywa bia na maji ya kisima chao wenyewe. Mjane mmoja aliyekuwa akiishi mbali kabisa, Hampstead, alikufa. Ikagundulika alikuwa akiletewa maji ya pampu ile kwa kuwa aliyapenda ladha yake. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa.

Kazi ya kikundi: mtaa wa Kiswahili wenye visima vitatu na nyumba ishirini, mchezaji awe afisa afya. Wachore ramani kama mandhari: mteremko, vyoo, visima, njia. Kiumbe cha nyumba (picha inayopokea amri) kiwe na mavazi mawili, nyumba ya kawaida na nyumba yenye paa jekundu, kisha kinakiliwe kwa amri ya kutengeneza nakala. Kila nakala iwe na kigeu (mahali pa kutunza namba inayoweza kubadilika) chake yenyewe kiitwacho "kisima", chenye namba ya bahati nasibu kati ya 1 na 3. Kuwe na kigeu cha wote, "siku", kinachoongezeka kila baada ya sekunde chache. Kila siku mpya, nyumba inayochota kisima kilichochafuliwa ina uwezekano fulani wa kuwa nyekundu. Mchezaji akibonyeza nyumba, inasema: "Sisi tunachota kisima cha pili." Akishajua, anabonyeza kisima cha kukifunga, lakini ana nafasi moja tu.

Toleo hilo jepesi linatoka hata kwa wanaoanza, ukiwasaidia kwenye nakala na vigeu. Kisha dai kanuni tatu za ziada, na usizilegeze. Wawepo walioambukizwa wasio na dalili: nyumba inayoonekana nzima lakini inachafua. Kuwe na siku za kungoja kati ya kunywa maji na kuugua, ili kisima kikifungwa nyumba ziendelee kuwa nyekundu kwa siku kadhaa na mchezaji ajaribiwe kudhani amekosea. Na kitufe cha ORS kipunguze vifo bila kupunguza maambukizi. Watoto watabishana kwa muda mrefu juu ya kila kanuni, na wewe uwaache wabishane. Hata mchezo ukibaki nusu, ubishi huo umewafundisha yale ambayo sentensi ya kukariri haikuwafikishia.

Hatua ya 7: Mazungumzo baada ya kuzima mashine

Tenga robo ya muda wako kwa hili, kompyuta zikiwa zimefungwa. Swali kuu ni moja: mchezo umeachana wapi na ugonjwa halisi? Kwenye Virus watu wekundu wanatembea sawasawa na wazima, hawalali, hawaogopi, hawakimbii mji. Watu halisi hubadilika. Mwaka 2005, ndani ya World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, laana ya kubuni iliyowekwa kwa ajili ya pambano moja ilivuja ikaenea mijini kwa kubebwa na wachezaji na wanyama wao. Baadhi walikimbia, baadhi walikwenda kuwatibu wenzao wakazidi kueneza, na wapo waliosambaza kwa makusudi. Watafiti wa magonjwa waliandika juu yake katika jarida la Lancet Infectious Diseases mwaka 2007. Waulize wanafunzi wao wangekuwa kundi gani, wasikilize bila kuhukumu.

Linda heshima ya kila mtoto. Mgonjwa kwenye mchezo asipewe jina la mwanafunzi wala la mtaa halisi wa hapo. Usimwite mtu "mwenye kirusi" hata kwa mzaha. Darasani mwako huenda yupo anayemeza dawa kila siku, au ambaye mama yake ana kifua kikuu, na hajamwambia mtu. Sema waziwazi kwamba ugonjwa hauchagui mwenye dhambi.

Hatua ya 8: Pima kwa kisa kipya

Maswali ya kuchagua jibu hayatakuonyesha kama mchezo umefanya kazi. Wape kisa ambacho hawajakiona. Kwa mfano: familia tatu za mtaa mmoja zimeanza kutapika na kuhara usiku wa Jumapili. Zote zilikuwa harusini Jumamosi. Jirani aliyehudhuria harusi lakini alikuwa amefunga, mzima. Dereva aliyepelekewa sahani nyumbani, hakufika harusini, anaumwa. Andika maswali matatu utakayouliza kwanza, na hatua moja utakayoichukua leo kabla ya kupata majibu ya maabara.

Mpe alama anayemwona yule dereva na kueleza kwa nini ana maana, kama mjane wa Hampstead alivyokuwa na maana. Mpe alama anayeuliza nani alikula nini. Mpe pia anayesema hatua ya leo ni kuwapa wagonjwa ORS na kuzuia masalia ya chakula yasiliwe, akitenganisha kazi hizo mbili. Toa kisa kama hicho wiki moja kabla ya kuanza mada na kingine kinachofanana nacho mwezi mmoja baadaye, uweke karatasi mbili za kila mtoto bega kwa bega. Ukikuta wengi bado wanajibu "wanawe mikono" kwa kila swali, rudi kwenye jaribio la tatu na la nne, kwa sababu huko ndiko waliporuka sehemu ya "kwa sababu".